Bodi ni Springi ya Tano

Hotuba hii niliitoa Tororo, kwenye mkutano wa mafundi, madereva na wapenzi wa magari wa mashariki mwa Uganda. Wengi mliokosa mmeniomba, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoisema.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu wa gereji, akina dada mnaoendesha na mnaotengeneza, na nyinyi vijana wa Subaru mliopaki chini ya ule mwembe, hamjambo? Mulembe kwa waliotoka Mbale. Yoga kwa ndugu zangu wa Soroti na Kumi. Na nyinyi mliovuka mpaka asubuhi hii pale Malaba na Busia, karibuni sana. Mwamba wetu mmeshauona, sasa tuongee kazi.

Nimepewa swali moja. Je, kukaza bodi ya gari la kawaida, gari la kwenda kazini na sokoni, kunalifanya lishike barabara vizuri zaidi? Mnajua vifaa ninavyovisema. Lile bomba linalounganisha vichwa vya shokapu mbili za mbele, vijana mnaliita strati-ba. Zile fito zinazofungwa chini ya gari. Lile bomba linalopita ndani ya buti kutoka upande hadi upande. Ukiingia Kisekka, lile soko la vipuri la Kampala, leo utayakuta yananing'inia, mekundu, ya buluu, ya fedha, yanang'aa kuliko gari lenyewe.

Jibu langu ni ndiyo. Lakini ndugu zangu, ndiyo hiyo iko kwenye foleni. Mbele yake kuna matairi, kuna bushi, yaani zile raba za kwenye maungio, kuna shokapu, kuna mpangilio wa magurudumu. Na sisi tunaichukua ya nyuma kabisa tunaileta mbele, kwa sababu ndiyo inayong'aa.

Naomba nianze na sanduku. Nani hapa hakusoma bweni? Lile sanduku la bati la kuweka daftari, sukari na sabuni mnalikumbuka. Ulipolifungua kifuniko ukalishika pembe moja na kulinyanyua, lilifanyaje? Lilijipinda. Pembe moja juu, nyingine chini, na bati likalia kwa sauti. Ulipofunga kifuniko na kutia kufuli, sanduku lilelile, bati lilelile, likawa gumu kama jiwe. Hukuongeza chuma hata kidogo. Ulifunga tu uwazi.

Bodi ya gari ni sanduku hilo. Tangu Lancia walipotoa Lambda mwaka 1922, na Citroën wakaja na Traction Avant mwaka 1934, watengenezaji walianza kuacha ile ngazi ya chuma ya chini inayobebwa na malori mpaka leo, wakaifanya bodi yenyewe ibebe mzigo. Bati jembamba, limekunjwa vizuri, limeunganishwa kwa maelfu ya nukta za kuchomelea. Pale penye uwazi mkubwa, ndipo sanduku linapojipinda. Gari lenye mlango mpana wa nyuma ni sanduku lenye kifuniko wazi. Gari lisilo na paa ni zaidi.

Kwa hiyo gari lako lina springi ngapi? Mtaniambia nne. Mimi nasema tano. Bodi ni springi ya tano. Haina shokapu ya kuituliza, haionekani, na hakuna anayeiwekea oda dukani, lakini inapinda na kurudi kila unapokata kona.

Ugumu wake unapimwa hivi. Shika nyuma ya gari isiende popote, kisha isokote mbele. Uliza, nguvu kiasi gani inahitajika kuipinda digrii moja? Tuseme ni Newton-mita 10,000. Maana yake nini kwa fundi? Chukua mkono wa chuma wenye urefu wa mita moja, uutie kwenye pua ya gari, ning'iniza tani moja mwishoni mwake. Tani nzima! Ndipo bodi ipinde digrii moja. Na digrii moja, kwa upana wa gari la kawaida, ni kama milimita 26 kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Magari mengi mapya ya familia yamepita kiwango hicho, mengine mara mbili yake na zaidi. Magari ya zamani mengi yako chini, tena mbali.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hesabu hii ndiyo iliyonifanya niache kuwauzia watu mabomba ovyo. Springi mbili zikifuatana, ile laini ndiyo inayotawala. Nachukua namba za mfano. Springi na stebilaiza zako, zile fito za chuma zinazounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, zinazuia gari kulala kwa nguvu ya 1,000 kwa digrii. Bodi ni 10,000. Zikifanya kazi pamoja unapata 909. Umefunga bomba, bodi imeongezeka asilimia kumi, imefika 11,000. Sasa unapata ngapi? 917. Kutoka 909 mpaka 917! Haijafika hata asilimia moja. Nani kati yenu ana matako yanayoweza kupima asilimia moja kwenye barabara ya Tororo kwenda Mbale?

Lakini geuza. Gari la zamani, bodi 3,000. Mwenyewe ameweka springi za mashindano, nazo ni 3,000. Pamoja unapata 1,500. Nusu ya springi alizozilipia imemezwa na bati. Huyo akikaza bodi, atasikia. Huyo anaponya ugonjwa alionao kweli. Basi hilo ndilo la kwanza: bodi ni springi ya tano, na hukazi springi ya tano kabla ya kujua zile nne zikoje.

La pili nitalieleza kwa kisa.

Kijana mmoja wa Mbale alikuja kwangu na Subaru Impreza, ile ya zamani yenye strati, yaani shokapu inayoshikilia gurudumu yenyewe, mbele na nyuma. Alikuwa na furaha. Akaniambia, "Mzee, nimefunga strati-ba, gari sasa linaingia kona kama limepigiliwa misumari." Nikamwuliza, "Umepima?" Akasema, "Mzee, nasikia mwenyewe." Nikamwambia sawa, tutapanda Sipi.

Mnaijua barabara ya Kapchorwa. Lami nzuri, kona juu ya kona, mlima upande mmoja na mashamba ya ndizi chini upande wa pili. Tulichagua kipande kifupi, asubuhi mapema kabla ya magari ya soko, mwendo uleule kila safari, hakuna mbio. Kabla ya kila safari alisimama mbali, akanipa mgongo. Mimi nilifungua boneti, ama nikaliacha bomba, ama nikalitoa. Miguu ya bomba juu ya shokapu sikuigusa, nilitoa bomba lenyewe peke yake, boneti ikafungwa. Akapanda, akaendesha, akarudi, akaniambia limo au halimo.

Safari nne. Alikosa tatu.

Safari ambayo alisema "hapa Mzee limo, nasikia kabisa", bomba lilikuwa nyuma ya gari, limelala kwenye majani.

Sikumcheka, na nyinyi msimcheke. Kijana yule alikuwa mkweli. Ukitoa pesa yako ya jasho, masikio yanafunguka, mikono inashika usukani kwa makini, unakata kona vizuri zaidi kwa sababu unasikiliza. Mimi mwenyewe nimepata kusikia hivyohivyo kwenye gari langu. Ndiyo maana naendelea kuuliza: umepima?

Tuliporudi gereji nikapandisha lile gari. Nilichukua nondo, nikaitia kati ya amu ya chini, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu, na fremu, nikabinya polepole. Njooni karibu muone nilichokiona. Ile bushi ya nyuma ya amu ilikuwa imepasuka nusu duara. Nikibinya, mpira unafunguka kama mdomo, ndani mweusi, umekauka, una vumbi jekundu la barabara. Nikiachia, unajifunga, huoni kitu. Kila alipokanyaga breki akiingia kona, gurudumu lile lilikuwa linarudi nyuma na kujigeuza lenyewe, kwa milimita nyingi kuliko vichwa vya shokapu vinavyosogea kule juu. Amefunga bomba juu kuzuia msogeo mdogo sana, huku chini gurudumu linatembea.

Tukabadilisha bushi pande zote mbili. Tukapanga magurudumu. Tukaangalia matairi, namba nne zile za tarehe pembeni, wiki na mwaka, na tairi moja la nyuma lilikuwa zee kuliko mengine kwa miaka mingi. Likaondoka. Tukaangalia upepo. Hapa nisimame kidogo, kwa sababu magari yetu mengi yanatoka Japani na kibandiko cha upepo kiko palepale kwenye nguzo ya mlango, lakini kimeandikwa kwa kilopaskali. Ukiona 220, hiyo ni kama 32 kwenye geji zetu za hapa. Watu wengi hawakisomi, wanamwachia kijana wa petroli ajaze "kama kawaida".

Tukapanda Sipi tena. Safari hii hakuhitaji kuambiwa. Alipotoka kona ya pili alinyamaza, akaniangalia, akasema, "Ssebo, hili ni gari jingine." Bomba halikuwemo. Nilikuwa nimeliacha gereji.

Gari linashika barabara kwa viganja vinne vya mpira. Upana wa kiganja chako kila tairi, hakuna kingine. Chochote unachofunga kwenye gari, kama hakivisaidii viganja vile vinne vilale sawasawa juu ya lami, umelipamba.

Sasa kuna watu hapa wameanza kutabasamu wakidhani nimekuja kuyatukana mabomba. Hapana. Nakuja kwenye yanapofanya kazi, na yanafanya kazi.

Kwanza, aina ya shokapu. Gari lenye strati za MacPherson, kama Impreza, Toyota Premio na mengi tunayoendesha, kichwa cha shokapu ndicho kinachoshikilia gurudumu lisilale. Kona ikikupiga, nguvu inapanda mpaka juu, inasukuma ule mnara wa bati kwa ndani. Hapo bomba lina kazi ya kufanya. Gari lenye mikono miwili, wa juu na wa chini, kama Honda Civic za miaka ya tisini, nguvu kubwa ya pembeni inabebwa na ile mikono, mnara wa shokapu unapata kidogo. Ukifunga bomba pale umekaza mahali ambapo hapakulegea.

Pili, sura ya bomba. Chukua fito nne uzipigilie ziwe mraba, msumari mmoja kila pembe, mraba wako utalala. Tia fito ya tano kwa mshazari, unasimama. Pembetatu haina ujanja, haijipindi. Bomba linalotoka mnara hadi mnara peke yake linazuia minara isikaribiane, lakini halizuii bodi kujisokota. Likiwa na miguu inayokwenda pia kwenye ukuta wa nyuma ya injini, hapo umepata pembetatu. Na bomba lililopindwa ili lipite juu ya injini, jamani, bomba lililopinda ni springi! Litapinda zaidi. Lile linalofungwa kwa boliti moja yenye mchezo, tundu limekuwa yai, hilo mpelekee mtoto acheze nalo.

Tatu, na hili nalipenda kuliko yote. Niliwahi kusaidia Toyota Starlet moja ya milango mitatu iliyokuwa inakwenda Busiika kwenye mbio za vumbi. Mwenyewe alikuwa ameweka springi ngumu sana, akidhani gari la mashindano lazima liwe gumu. Lilikuwa linaruka. Kila bonde gurudumu moja liko hewani. Ukilipandisha jeki pembe moja ya mbele, mlango wa upande huo ulikuwa mzito kufungua, na ukiufungua hauingii tena kwenye kufuli yake vizuri. Bodi ile ilikuwa inajipinda mpaka mlango unaiambia.

Tulichomelea mishono ya bodi kwa vipande vifupi vifupi. Kikaingia kizimba cha mabomba kilichofungwa mpaka kwenye minara ya shokapu. Halafu, na hapa ndipo mwenye gari alinipinga, tukatoa springi zake ngumu tukaweka laini zaidi. Alisema, "Fundi, unaniharibia." Nikamwambia jaribu. Gari likatulia. Magurudumu yakashuka kwenye mabonde yakakaa chini. Kwa sababu bodi ilikuwa imeacha kuwa springi, zile nne zikapata nafasi ya kuwa springi.

Siri hiyo si yangu. Mwaka 1962 Colin Chapman wa Lotus aliingiza kwenye Formula 1 gari aina ya 25, bodi yake ikiwa ganda moja badala ya fremu ya mabomba, gumu kuliko gari lililolitangulia, na springi zake zikaweza kuwa laini. Magari mnayoyashangilia kwenye rali yetu ya Pearl of Africa ni hivyohivyo. Charles Muhangi alipotuletea ubingwa wa rali wa Afrika mwaka 1999, hakushindania lami kama meza. Alishindania barabara zetu hizi. Gari la rali likiruka na kutua, tazameni magurudumu yake. Yanashuka sana, yanapanda sana, taratibu, na bodi juu yake haitetemeki.

Bodi ngumu, springi laini. Narudia. Bodi ngumu, springi laini. Na sisi tunafanya nini? Tunaliteremsha gari, tunakata springi kwa grainda, tunaliacha liwe kama mkokoteni, kisha tunafunga bomba jekundu juu.

Vijana, nisikieni kwa jambo la kizimba. Nimesema Starlet ile iliwekewa kizimba. Dereva wake alikuwa na helmeti na mikanda iliyomkaba mabegani. Wewe unayekwenda Jinja na mke na watoto, bomba la chuma karibu na kichwa kisicho na helmeti ni nyundo inayokusubiri. Sitamfungia mtu kizimba kwenye gari la familia, hata alipe nini.

Fito za chini nazo, angalieni matuta yetu. Gereji moja, jina lake siliweki hapa, ilimfungia dada mmoja fito chini ya gari lake, ikining'inia chini kuliko kitu kingine chochote. Kwenye tuta la tatu la shule iling'oka, na ikang'oka na kipande cha bati la bodi kilichokuwa kimeshikilia boliti. Alitafuta ugumu, akapata tundu. Kabla hamjafunga fito ya chini, lazeni macho sambamba na ardhi muone nini kitagusa kwanza.

Na kutu, na magari yaliyogongwa. Hapa sina subira. Mwaka 2018 sheria yetu ilipiga marufuku kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi, lakini yaliyokuwa yameingia bado yapo, na bado tunayapenda. Mengine yalitembea kwenye chumvi ya theluji kabla ya kufika Mombasa. Fungua boneti, futa vumbi kuzunguka mnara wa shokapu kwa kidole, uangalie ile rangi ya kuzibia kwenye mshono. Ukiona ufa mwembamba kama unywele, na ndani yake unga wa rangi ya chai, basi nukta za kuchomelea zimeanza kuachana. Bomba utakalofunga hapo linashikana na bati linalokufa. Chomelea kwanza, kwa mtu anayejua bati jembamba, anayetia vipande vifupi na kuacha lipoe, si anayelichoma mpaka linakuwa la buluu. Na gari lililogongwa likaunganishwa likiwa limepinda, ukilifungia bomba unaufunga huo upindaji wake ubaki hivyo.

Mtaniuliza, basi mwenye gari zima, bushi nzima, matairi mazuri, shokapu nzuri, asifunge? Afunge. Bomba imara la pembetatu kwenye gari la strati lenye miaka yake litampa usukani unaojibu mapema kidogo, litapunguza milio ya dashibodi kwenye barabara mbovu, na akipenda kuendesha atafurahi. Hizo ni faida za kweli na mtu ana haki ya kuzilipia. Ila alipie akijua ananunua nini. Na wewe fundi usimwambie litazuia gari kuteleza kwenye mvua pale msitu wa Mabira, maana halitazuia. Tairi ndilo litakalozuia. Ukimdanganya kwenye hilo umemdanganya kwenye uhai wake.

Nimeongea vya kutosha, na jua linahama. Pale nje kuna magari matatu. Dada mwenye Premio amekubali tuanze na lake, Mungu ambariki. Tutalipandisha jeki pembe moja, mtafungua mlango mmoja mmoja na kuufunga, kila mtu asikie kwa mkono wake. Halafu ile Impreza ya kijani. Halafu ile Starlet. Anayeamini bodi ya gari lake haijipindi alilete pia.

Nani ana jeki mbili? Na nondo, tafadhali, ile ndefu.